Sukari Iliyokwenda Malishoni

Duka la Darmi Katelo lilikuwa la mabati, upana wake kama ngamia aliyelala, na juu ya mlango liliandikwa SUPAMAKETI. Fundi aliishiwa na rangi ya buluu alipofika herufi ya tatu, akamalizia kwa masizi ya sufuria. Upepo wa jangwa la Chalbi ukivuma, nusu ya jina hufutika, na Darmi hutoka na sufuria nyingine.

Ukitaka kumwelewa mwanamke huyu, anza na baba yake. Mzee Katelo alikuwa na ngamia wengi na ugonjwa mmoja: alipenda kuamka asubuhi na kuwaona wote kwa pamoja. Wenzake waliazimisha ngamia wao huku na huku kwa jamaa, kama desturi ilivyo. Yeye alisema, "Nimpe mtu ngamia wangu, halafu mimi nitazame nini?" Basi akawatazama. Ukame ukaja, akawatazama wakikonda. Maradhi yakafuata, akawatazama wakianguka. Mwezi haukuisha, akabaki akiitazama mifupa.

Familia iliponea kwa ngamia mmoja mweusi, Gurati, waliyepewa na mtu wa ukoo kwa dabare. Maana ya dabare kila mtoto wa kabila letu la Gabra anaijua kabla ya kuota meno: maziwa ni yako, ndama dume akizaliwa ni wako, lakini ngamia mwenyewe na mabinti zake ni mali ya mwenyewe hadi kiama. Darmi alikua akinywa maziwa ya Gurati na kuambiwa kila jioni kwamba Gurati si wao. Akajifunza kitu ambacho baba yake hakukijua: boma lenye ngamia wachache mlangoni huenda ni la tajiri, kwa sababu mali yake iko kwenye maboma ya wenzake, inakula majani ambayo yeye hakuyachunga.

Hiyo ndiyo elimu yake yote. Nyingine alikuja kuipata kwa Mugendi.

Mugendi alikuwa mkufunzi wa shirika, mtu wa Embu, ambako mvua ikichelewa wiki mbili watu hupiga simu redioni kulalamika. Alikuja kijijini kwetu El Boru kutufundisha ukame. Tulimpokea vizuri. Mgeni ni mgeni, na kulikuwa na posho, soda na kofia ya kijani iliyoandikwa BIASHARA IMARA, ambayo hadi leo wachungaji wetu huivaa na mbuzi wetu huitafuna.

Alitukusanya darasani shule ilipofungwa, akabandika ukutani picha ya ng'ombe aliyelala chali, kisha akauliza, "Kuna yeyote hapa aliyewahi kuona ukame?"

Wazee walitazamana. Darmi, ambaye huwa hana subira na ukimya, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ule wa mwaka gani?"

"Wowote, mama."

"Basi taja, tukuambie kama tulikuwepo."

Siku tatu zile zilikuwa ndefu. Tulijaza Mpango wa Dharura wa Biashara, kurasa kumi na nne, ikiwamo moja iliyouliza tutahamishia bidhaa ghorofa gani mafuriko yakija. Nyumba zetu hupakiwa juu ya ngamia, kwa hiyo wengi wetu tuliandika: ghorofa ya nundu. Lakini ukiondoa upepo, masomo yalikuwa mawili. La kwanza: tawanya hatari, usiweke mali yako yote mahali pamoja. La pili: uwe na akiba dukani ya miezi mitatu.

Halafu Mugendi akafunga na tangazo lililowaamsha hata waliolala. Ukame ukibisha hodi, shirika litazigawia familia kadi za kununulia chakula. Kadi zitatumika katika duka moja tu hapa El Boru. Duka hilo litachaguliwa kwa masharti mawili: bidhaa zionekane kwa macho, na watu wenyewe waliridhie kwa kunyoosha mikono mkutanoni.

Maduka yenyewe ni mawili. La pili ni la Isacko Bulle, binamu wa mume wa Darmi, kwa hiyo ni shemeji yake, na wanataniana kama mashemeji wanavyotakiwa, ila wao hutaniana kwa nia. Isacko ana ghala la mawe lenye kufuli kubwa kama kwato ya ngamia. Kila mtu pale darasani alielewa hesabu ile bila kuandikiwa ubaoni: atakayekosa kadi atageuza duka lake kuwa banda la kuku, na sisi hatufugi kuku. Darmi alikuwa na miaka kumi na miwili ndani ya mabati yale. Mumewe yuko na mifugo huko vilima vya Huri na huonekana kwa nadra kama mvua. Watoto wanne, Guyo akiwa wa kwanza, wanakula kutoka kwenye rafu zile zile.

"Shemeji," Isacko alimwambia wakitoka, "anza kutafuta mayai."

"Na wewe tafuta mtu wa kukuchekea," Darmi akajibu. "Peke yako unachoka."

Isacko alilishika somo la pili. Alijaza ghala hadi paka akakosa pa kupita. Kila asubuhi alifungua kufuli, akasimama mlangoni mikono kiunoni, akatazama magunia yake, akafunga.

Darmi alilishika la kwanza. Alimfuata Mugendi hadi kwenye gari.

"Mwalimu, hili la kutawanya. Si ndiyo dabare?"

Akamweleza. Mugendi alifurahi sana, akaandika kwenye daftari lake *maarifa asilia* na kupiga mistari miwili chini yake. Kosa lake ni moja: alifurahi bila kuuliza Darmi anakusudia kumwazimisha nani nini.

Lori lililofuata kutoka Marsabit lilishusha mzigo wa Darmi, na ule mzigo haukuingia dukani. Ulipangwa mchangani. Darmi akachukua lami na kijiti, akapiga kila gunia chapa: mshale na nukta mbili. Ilikuwa chapa ya ngamia wa baba yake. Ilikuwa imekaa miaka thelathini bila ngozi ya kuipiga. Kisha jamaa tisa, waliokuja kunywesha mifugo, wakaitwa na ngamia wao wa mizigo, kila mmoja akapewa gunia la sukari, gunia la unga, boksi la majani ya chai na katoni ya sabuni, ayapeleke kwenye boma lake, popote litakapohamia.

"Gunia ni langu," Darmi alimwambia kila mmoja, kwa maneno yale yale ya siku zote. "Maziwa yake ni yako."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu sukari hii maziwa yake ni yapi? Wanaume walikaa kwenye kivuli cha lori kulijadili hadi dereva akalipisha muda. Ilikubaliwa kwamba kikombe kimoja kila mwezi mchanga ndiyo maziwa ya sukari. Bakuli moja ndiyo maziwa ya unga. Sabuni ilileta ubishi, hadi bibi yetu Akko Wato, ambaye kwa umri ni mama wa nusu ya watu wale na kwa ulimi ni mama wa wote, akakata shauri.

"Sabuni ni dume," alisema. "Hakamuliwi. Hubeba tu."

"Na nikitaka kuoga, Akko?" mmoja aliuliza.

"Ulioga lini mara ya mwisho?"

"Harusini."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Basi subiri uoe wa pili."

Akko Wato alichukua gunia lake, akalipigapiga ubavuni kama anayepima ngamia sokoni, akamwuliza Darmi kama linauma. Wakaondoka. Duka likabaki na viberiti, kopo la maharagwe na mbuzi mmoja aliyependa ubaridi wa rafu ya chini. Sisi tuliopita pale na kuona rafu tupu tulitikisa vichwa kwa heshima. Mwanamke huyu sasa ana mali.

Mvua ya kwanza haikuja. Ya pili ilituma wingu moja, likatazama, likarudi. Malisho yakaisha, maboma yakahama, yakahama tena, hadi El Boru ikabaki na wazee, walimu wawili, Darmi na mbuzi wake, Isacko na ghala lake. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kumuuzia. Alifungua kufuli, akatazama, akafunga. Siku moja alimwambia Darmi kwamba unga umeanza kusogea.

"Kusogea vipi?"

"Wenyewe. Una wadudu."

"Usijali, shemeji. Hiyo ni nyama."

Mwezi wa nane wa ukame gari la shirika likarudi. Mugendi alikuwa na bosi wake, Madam Syombua, mwanamke mwembamba mwenye miwani myeusi na karatasi ya kukagulia. Walianza kwa Isacko. Madam alitazama ghala, akaweka alama ya vema, akaweka nyingine, kalamu ikawa inacheza. Isacko aliwasindikiza hadi kwa Darmi ili asikose kuona.

Madam Syombua aliingia Supamaketi. Mbuzi aliinuka kwa adabu, akampisha.

"Mama, duka ni lipi?"

"Ndilo hili. Karibu."

"Na bidhaa ziko wapi?"

"Ziko malishoni," Darmi alisema.

Madam alimgeukia Mugendi. Mugendi alitazama dari, ambalo halikuwepo.

"Nimezitawanya kama mlivyofundisha," Darmi aliendelea. "Ziko maboma tisa. Moja liko njia ya Huri, mawili yamevuka kuelekea mpakani, Akko Wato sijui alipo lakini nasikia sauti yake."

"Ni magunia mangapi?"

Tuliokuwa mlangoni tukatazama pembeni, na mbuzi akaacha kutafuna. Kwetu hakuna anayehesabu mifugo yake kwa sauti. Ukitaja idadi, umeitia mkosi. Mtu atakuuliza watoto wangapi, umeoa mara ngapi, hata una deni kwa nani, lakini hilo hapana.

"Wapo," Darmi alisema.

"Wangapi?"

"Mungu anawajua."

"Karatasi hii haina nafasi ya Mungu, mama. Ina nafasi ya tarakimu."

"Basi iache wazi, labda ataijaza mwenyewe."

Isacko alicheka hadi akashika ukuta. Madam Syombua hakucheka, lakini pia hakuwa mtu mbaya. Alisema mkutano wa kunyoosha mikono utakuwa Ijumaa asubuhi, siku tatu baadaye, maana familia zote zitakuja kuandikishwa kadi. Ikiwa hadi hapo magunia yatakuwa kwenye rafu, atayatazama. Yasipokuwepo, ataandika alichokiona, yaani mbuzi.

Mugendi alibaki nyuma, ameshika kofia yake ya kijani kama mtu aliyefiwa.

"Mama Guyo, niliposema tawanya, nilimaanisha labda sehemu mbili. Dukani na nyumbani."

"Mwalimu, nyumbani kwangu na dukani ni hatua sita. Ukame hauwezi kuruka hatua sita?"

Darmi alipanda kwenye jabali la simu, mahali pekee El Boru ambapo mtandao unakamata, ukisimama kwa mguu wa kushoto. Kurudisha dabare yote kwa mkupuo ni aibu. Hufanywa na mtu ambaye nyumba yake imeungua. Alipiga hivyo hivyo.

"Hallo! Gunia langu halijambo?"

"Halijambo, ila limekonda."

"Limekonda vipi?"

"Si unajua hali. Tunalikamua asubuhi na jioni."

"Tulisema mwezi mchanga!"

"Mtoto hajui mwezi, Mama Guyo. Anajua njaa."

Akapiga ya pili, akaambiwa gunia linachechemea. Ya tatu akaambiwa limelala chini tangu juzi na halitaki kuinuka. Ya nne mtu alikata simu, ishara mbaya kwa mgonjwa yeyote. Kila mmoja alimwambia, "Ijumaa tutakuja, tutazungumza ana kwa ana." Darmi alishuka jabalini akiwa na uso ambao hatukuwahi kuuona. Jioni ile alifagia rafu zote tisa, akamtoa mbuzi, kisha akamrudisha.

Ijumaa walikuja. Walitokea kila upande wa jangwa, na wanawake walikuwa wamevaa nguo zao nzuri. Darmi alisimama mlangoni akikodolea macho ngamia wa mizigo. Hakukuwa na mzigo. Isacko alikuwa amekaa kwenye kiti alichokitoa nyumbani, kama mtu aliyelipia kiingilio.

Akko Wato alitangulia. Akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya Darmi, akatoa kifuani kipande cha gunia kilichokatwa kwa kisu. Kilikuwa na chapa: mshale na nukta mbili.

"Amekufa," alisema.

Ngamia wa dabare akifa, hushikwi na lawama, mradi umletee mwenyewe kipande cha ngozi chenye chapa yake, aone kwa macho kwamba hukumuuza. Akko Wato alikuwa amefuata sheria hadi kwenye uzi. Nyuma yake walisimama wengine wanane, kila mmoja na vipande vyake mkononi.

"Wote?" Darmi aliuliza.

"Sabuni nzima," mmoja alisema haraka. "Dume halijaguswa."

"Hilo tunaliona," Akko Wato alisema, akasogea upande wa upepo.

Madam Syombua alikuwa ameshika karatasi yake. "Mugendi, nielezee. Hawa wanasema nini?"

"Wanasema..." Mugendi alijifuta jasho. "Wanaleta vyeti vya kifo vya sukari."

Darmi alipokea kipande kimoja kimoja. Vya sukari, vya unga. Aliviweka kwenye rafu, kimoja kando ya kingine, hadi zikajaa chapa za baba yake. Kisha akamwuliza Akko Wato kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia, "Alikufa vizuri?"

"Alikufa vizuri, mwanangu. Wajukuu zangu saba walimnywa, wakaomboleza, wakalamba. Hata mmoja hajazikwa boma langu. Nenda uhesabu, hao nakuruhusu."

Hata Isacko aliacha kutikisa mguu.

Madam alisafisha koo. Ndege yake ya kutoka Marsabit ilikuwa saa kumi, na karatasi ilitaka jina. Akaenda kwenye sharti la pili. "Wanaotaka duka la Bwana Isacko, wanyooshe mikono."

Isacko alinyoosha. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akanyoosha na wa pili, lakini Mugendi alisema huo ni wake vilevile.

"Nyinyi watu," Isacko aliita, "mimi nina chakula! Yeye ana vipande vya magunia!"

"Kula chakula chako," Akko Wato alimjibu. "Miezi nane umekitazama. Tulipokuwa na njaa ulitupa nini? Hata maziwa ya sabuni hukutupa."

"Wanaotaka duka la Mama Guyo?"

Mikono iliyonyooka ilileta kivuli, cha kwanza mwaka ule.

Madam Syombua alikaa juu ya jiwe. "Sasa huyu ana bidhaa hana watu," alisema, "na huyu ana watu hana bidhaa. Nikiandika hivi, Nairobi watadhani nimelewa."

Darmi alitoka dukani, akaenda akasimama mbele ya kiti cha Isacko. Tulitarajia matusi, wengine wakasogea karibu ili wasipitwe. Lakini alisema taratibu, "Shemeji, baba yangu aliwatazama wote asubuhi moja, jua likitoka. Aliniambia hajawahi kuona kitu kizuri kama kile. Mwezi haukuisha, hakukuwa na kitu. Unga wako umefika wapi?"

Isacko aligeuka akalitazama ghala lake.

"Umefika mlangoni," alisema. "Jana nimekuta umesukuma mlango."

"Basi?"

Ilimchukua Isacko muda kuyatoa maneno yale. Ukoo wake haujawahi kumwazimisha mwanamke mali, sembuse shemeji. Alisimama, akaweka mikono kiunoni, akaitoa, akairudisha.

"Magunia arobaini ya mchele," alisema. "Mazuri, yasiyosogea. Yapeleke kwako. Magunia ni yangu."

"Na maziwa?"

"Maziwa ni yako," alisema Isacko, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Na ndama?"

"Ndama gani, wewe? Mchele utazaa?"

"Kwa kadi za shirika utazaa. Sema mapema, tusije tukagombana mbele ya wageni."

"Majike yangu, madume yako," Isacko akakubali, na hadi leo hakuna anayejua ni ipi faida jike na ipi dume, na wawili hao bado wanalibishania kila Jumatatu kwa furaha kubwa.

Mugendi alimweleza Madam. Madam alimsikiliza, akamwomba arudie, kisha akavua miwani myeusi na kwa mara ya kwanza tukaona macho yake, yalikuwa mazuri tu. Aliandika jina la Darmi Katelo. Kwenye mstari unaouliza bidhaa huhifadhiwa wapi, kalamu yake ilisimama hewani.

"Niandike nini hapa, mama?"

"Ulishaambiwa," Darmi alisema.

Akaandika: *malishoni*. Nairobi, tunasikia, wamelifanya kuwa somo, na Mugendi analifundisha huko Embu akiwa na picha ya ngamia aliyebeba sukari. Ng'ombe aliyelala chali amestaafu.

Magunia arobaini yalivuka barabara mchana ule ule, mbuzi akahamia kwa Isacko ambako sasa kulikuwa na nafasi, na kabla rafu hazijajaa Akko Wato alishakuwa wa kwanza kwenye foleni na kadi yake. Isacko alisimama upande wa pili, mikono kiunoni, akilitazama kila gunia lake likitoka mlangoni mwa mtu mwingine. Gunia la kwanza alilisindikiza hadi kisimani. La pili hadi nusu ya njia. La tatu lilipofunguliwa, alipiga kelele.

"Mama Guyo! Lile la pembeni lililoshonwa uzi mwekundu, nakuomba, usimpe Akko Wato!"

"Umechelewa, mwanangu," Akko Wato alimjibu, huku akilipigapiga ubavuni. "Limeshauzoea mkono wangu."